Wakili mwandamizi wa serikali upande wa usalama: kazi ya ndani ni ipi, na kesi huharibikia wapi?

wakili.ngong aliuliza:

Wasomi, habari za kazi. Natayarisha maombi ya nafasi ya wakili mwandamizi wa serikali hapa Nairobi, upande wa usalama na utekelezaji wa sheria. Tangazo limeandikwa kwa maneno yanayofaa ofisi yoyote: kutoa ushauri, kuwakilisha serikali mahakamani, kuandaa hati. Kesi za kikatiba nazijua kutoka upande wa mlalamishi, kwa hiyo taratibu za mahakama za Milimani hazinisumbui. Ninachotafuta ni cha ndani. Ombi la dharura dhidi ya polisi likifika mezani, saa za kwanza hutumika vipi? Karatasi gani huombwa, na kwa nani? Ushauri wa kabla ya operesheni huandikwaje? Na zile kesi ambazo serikali ingepaswa kushinda, huharibikia wapi hasa? Majibu makali yanakaribishwa.

MezaYaFaili:

Wakili, tenganisha kwanza nyumba tatu. Sheria House pale Harambee Avenue ni ya Mwanasheria Mkuu. Ibara ya 156 ya Katiba inamfanya mshauri mkuu wa serikali kuhusu sheria na mwakilishi wake katika kesi zote zisizo za jinai. Mashtaka ya jinai ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya Ibara ya 157, naye hapokei amri ya mtu yeyote. Nyumba ya tatu ni ya mawakili walioajiriwa ndani ya taasisi zenyewe: Huduma ya Polisi, Wizara ya Usalama wa Ndani, Tume ya Huduma ya Polisi, IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi). Soma tangazo lako ujue unaomba nyumba ipi, maana mteja, mipaka na hata aina ya karatasi hubadilika.

Sasa ombi la dharura. Kanuni za 2013 kuhusu kesi za haki za kimsingi zinampa Mwanasheria Mkuu na asasi za serikali siku 14 za kujibu kwa hati ya kiapo. Usizitegemee. Jaji akiona ombi la amri ya muda hutoa tarehe ya karibu sana, na amri ikishatoka bila upande wako kusikika, kuibatilisha ni kazi ngumu kuliko kuizuia.

Kwa hiyo barua kwa taasisi hutoka siku ile ile, tena haiombi "maelekezo" kwa jumla. Inataja karatasi moja moja. Nakala ya ukurasa mzima wa kitabu cha matukio (OB), wala si mstari mmoja uliochapwa upya. Rejista ya mahabusu. Orodha ya zamu ya siku hiyo. Rejista ya kutoa na kurudisha silaha pamoja na idadi ya risasi. Amri ya operesheni kama iliandikwa. Ripoti ya matumizi ya nguvu. Barua ya kuiarifu IPOA ikiwa kuna kifo au jeraha baya. Na jina la afisa aliyekuwepo, afike ofisini kesho saa iliyotajwa, karatasi zikiwa mkononi. Barua iende kwa mwenye mamlaka ya kuamuru, nakala kwa mkuu wa kituo, kisha mpigie simu mkuu huyo mwenyewe. Barua inayoachiwa masjala peke yake hufika baada ya amri kutolewa.

OB ukiipata isome polepole. Kila tukio lina namba yake ya siku, na namba hufuatana na saa. Tukio la 41 likiwa la saa nne asubuhi na la 42 likiwa la saa tatu, pana mstari ulioingizwa baadaye, na wakili wa upande wa pili atauonyesha mbele ya jaji. Linganisha saa tatu tofauti: ya kukamatwa, ya kuingizwa seli na ya kufikishwa mahakamani. Zile saa 24 za Ibara ya 49, za kumfikisha mtu mahakamani, huhesabiwa tangu mtu alipokamatwa, hata kama aliandikwa kituoni baadaye. Aliyekamatwa Kayole akazungushwa ndani ya gari hadi usiku, saa zake zilianza Kayole. Kipindi hicho kikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, ndipo husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hakuna nyongeza nyingine.

Kinachoangusha majibu mengi ni hati ya kiapo iliyoapwa na mtu asiyefaa. Afisa wa makao makuu anaapa jinsi kijana alivyokamatwa Githurai ilhali hakuwepo. Oda ya 19 kanuni ya 3 ya Kanuni za Kesi za Madai inataka mwapaji aseme anayoyajua mwenyewe. Katika maombi ya muda anaweza kueleza aliyoambiwa, lakini ataje nani alimwambia na kwa nini anaamini. "Nimearifiwa na maafisa wangu" haina uzito wowote. Tafuta sajini aliyefunga pingu, aape aya nane fupi, na mkubwa wake aape hati ya pili kuhusu sera na amri. Wewe wakili usiape jambo lolote linalobishaniwa. Ukifanya hivyo umejigeuza shahidi.

Pia acha kukana kila aya kwa maneno yale yale. Kama mtu alikaa seli saa 31, karatasi zenu wenyewe zinasema hivyo. Likubali hilo, eleza sababu kama ipo, kisha pigania pale penye ubishi wa kweli, mathalani madai ya mateso ambayo fomu ya P3 (ya uchunguzi wa daktari) haiyaungi mkono. Jaji akiona umekubali la kweli, husikiliza unapokana. Halafu kagua ombi lenyewe: tangu uamuzi wa Anarita Karimi Njeru wa 1979, mlalamishi anatakiwa ataje kwa usahihi haki iliyovunjwa, kifungu chake na jinsi ilivyovunjwa. Ila msikimbilie hoja hiyo pale ambapo mtu ameeleza wazi siku, kituo na namba ya gari. Huko ni kupoteza muda wa mahakama.

KiongoziWaMashtaka_K:

MezaYaFaili amesema vizuri kuhusu madai. Upande wa jinai saa hizo 24 ndizo zinazotawala kila kitu.

Mpelelezi huja na mshukiwa aliyekamatwa jana jioni, anataka azuiliwe siku 14. Swali la kwanza la wakili mwandamizi ni: za kufanyia nini? Ombi la kumzuilia mtu kabla ya mashtaka husimama juu ya hati ya kiapo ya mpelelezi. Hati hiyo iseme saa ya kukamatwa, kosa linaloshukiwa na kifungu chake, yaliyokwisha kufanywa, yaliyobaki, na kwa nini yaliyobaki hayawezi kufanyika mshukiwa akiwa nje kwa dhamana. Kila siku inayoombwa iwe na kazi yake: kupata rekodi za simu kwa amri ya mahakama, uchunguzi wa simu zilizochukuliwa, gwaride la utambulisho, taarifa za mashahidi waliotajwa idadi yao. Ukizipanga hivyo, siku 14 mara nyingi hugeuka kuwa tano, na hakimu hutoa tano bila kusita. Hati inayosema tu "uchunguzi bado unaendelea" inastahili kukataliwa, na anayepaswa kuikataa kwanza ni wewe, kabla haijafika kwa hakimu.

Angalia pia adhabu ya kosa. Ibara ya 49(2) inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Watu huombewa rumande kwa makosa madogo ya utulivu wa umma bila mtu kufungua kitabu.

Ugaidi una utaratibu wake. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kifungu cha 33, inaruhusu mahakama kuamuru mshukiwa azuiliwe kwa muda usiozidi siku 30 kwa mara moja, na zote zikijumlishwa zisipite 90. Hizo 90 ni dari. Ombi la kuongeza muda linapaswa kuonyesha kilichofanywa kwa siku zilizokwisha tolewa. Ukileta hati ya pili iliyonakiliwa kutoka ya kwanza, pamoja na makosa yake ya chapa, umemwambia hakimu kwamba mtu amekaa seli bila kazi kufanyika.

Kuhusu uamuzi wa kushtaki, miongozo ya 2019 ya ofisi ya mashtaka ina mitihani miwili: kwanza ushahidi unatosha kuleta matumaini halisi ya hukumu? Pili, maslahi ya umma yanataka mashtaka? Zifuate kwa mpangilio huo. Shinikizo la habari za saa moja jioni huwafanya watu waanze na la pili. Mashtaka yakishafunguliwa, Ibara ya 157(8) hairuhusu kuyaondoa bila idhini ya mahakama, kwa hiyo faili bovu hukwama nawe kizimbani.

Tatu hizi zinaua kesi za usalama kuliko hoja yoyote ya kikatiba:

Ushahidi wa kielektroniki. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachotambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikiwa na saini ya mwenye wajibu juu ya kifaa hicho au shughuli zake. Video ya kamera za barabarani inayoletwa kwa flashi bila cheti, na bila maelezo ya nani aliinakili lini, inaweza kukataliwa nzima. Na kamera nyingi za maduka na majumba huandika juu ya picha za zamani. Barua ya kuhifadhi picha iende siku ya tukio, hata kama hujui utazihitaji.

Mnyororo wa vielelezo. Simu ilichukuliwa Eastleigh, ikaandikwa kituoni, ikapelekwa maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) Kiambu Road, ikarudi. Kila mkono uliopokea unahitaji jina, saa, saini na namba ya muhuri wa mfuko. Palipo na pengo la siku mbili, pana swali la nani aliifungua.

Ujasusi na ushahidi kuchanganywa. Ibara ya 50(2)(j) inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika. Bunge lilijaribu kuruhusu upande wa mashtaka kuficha baadhi yake kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya 2014, na Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho Februari 2015 katika kesi ya CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo. Kwa hiyo kabla ya kushtaki, jiulize: nikiondoa taarifa zote zisizoweza kutajwa mahakamani, kesi inasimama? Kama haisimami, usishtaki bado. Chanzo cha habari kina ulinzi wake chini ya kifungu cha 133 cha Sheria ya Ushahidi, lakini ulinzi huo haujazi pengo la ushahidi.

Ungamo nalitaja kwa ufupi: bila masharti ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, yaani mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa, lichukulie kama halipo.

BiKanuni:

Wakili.ngong, wote wawili wamekueleza kuzima moto. Ngazi ya juu unalipwa kwa ushauri unaotangulia moto, na huo ndio uliouliza kwa neno moja tu.

Chukua suala la polisi kwenda Haiti. Azimio namba 2699 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipita Oktoba 2, 2023. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu Nairobi ikasema Baraza la Usalama wa Taifa halina uwezo wa kupeleka polisi nje ya nchi, kwa kuwa "vikosi vya taifa" katika Ibara ya 240 ni jeshi. Polisi wana mlango wao, kuanzia kifungu cha 107 cha Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, unaohitaji nchi yenye mpango wa kubadilishana. Mkataba na Haiti ukatiwa saini Nairobi Machi 1, 2024, na kikosi cha kwanza kikaondoka mwezi Juni. Mlango ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria muda wote. Ushauri mzuri ungeuliza mapema swali moja: nguvu hii inatoka kifungu gani, na kifungu hicho kinamtaja nani?

Mfano wa pili ni jeshi kutumwa mitaani wakati wa maandamano ya Juni 2024. Tangazo la gazeti rasmi lilitolewa tarehe 25, Bunge la Taifa likaidhinisha tarehe 26. Tarehe 27 Mahakama Kuu haikuzuia hatua hiyo, lakini ikaitaka serikali ichapishe ndani ya siku mbili upeo wa kazi, maeneo na muda. Aya tatu zaidi kwenye tangazo la kwanza zingemaliza hoja hiyo. Kila hati ya kutuma kikosi iwe na hizo tatu, pamoja na kifungu kidogo hasa cha Ibara ya 241 kinachotumika, maana (b) na (c) zina masharti tofauti: moja inahusu kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na kuripoti Bungeni, nyingine inahusu kurejesha amani na inataka idhini ya Bunge.

Sasa namna ya kuandika. Kurasa mbili, zisizidi tatu. Juu kabisa tarehe na saa, nani aliuliza, na swali lake kwa maneno yake. Kisha mambo yalivyo kama ulivyoelezwa na nani alikueleza, ili ukweli ukibadilika ijulikane ushauri ulisimama wapi. Halafu jibu kabla ya hoja: inaruhusiwa, hairuhusiwi, au inaruhusiwa kwa masharti haya. Kamanda husoma ukurasa wa kwanza ndani ya gari; usimfichie jibu ukurasa wa tatu. Masharti yaandikwe kwa lugha ya kazi. Usiandike "maafisa wazingatie kanuni ya uwiano". Andika: hakuna risasi za moto kutawanya watu; onyo litolewe kabla ya kufyatua risasi; mwenye sare aonyeshe jina au namba yake; kila aliyefyatua aripoti kwa mkubwa wake; palipo na kifo au jeraha baya IPOA iarifiwe. Yote hayo yanatoka Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi, na ongeza mstari mmoja ambao makamanda hawaupendi: Jedwali hilo hilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha nguvu isiyo halali.

Maandamano yana kosa linalorudiwa kila mwaka. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinataka waandaaji wampe mkuu wa kituo notisi isiyopungua siku 3 na isiyozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Hiyo ni notisi. Haimgeuzi mkuu wa kituo kuwa mtoa ruhusa, na ushauri unaoanza na "maandamano hayajaruhusiwa" umeharibika kwenye sentensi ya kwanza. Mshauri aulize: notisi ilipokelewa lini, nani alisaini, kuna notisi nyingine ya mahali hapo saa hiyo hiyo? Haki ya kuandamana ya Ibara ya 37 hupunguzwa kwa njia ya Ibara ya 24 pekee, na anayeipunguza ndiye mwenye mzigo wa kueleza.

wakili.ngong:

Asante sana, BiKanuni, na wengine pia. Swali moja linabaki. Mkubwa akiupokea ushauri kwa simu, akasema "usiandike, nimekuelewa", inakuwaje? Na Waziri akitaka mtu fulani akamatwe?

MezaYaFaili:

La Waziri ni jepesi kisheria. Ibara ya 245(4) na (5) inamruhusu kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya kisera pekee, tena kwa maandishi, na inamkataza kuelekeza uchunguzi wa kosa fulani, utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani, au kuajiri na kumfuta afisa fulani. Jibu lako kwa ofisi yake ni barua ya aya moja inayonukuu ibara hiyo. Nakala ibaki kwenye faili.

La simu nina maoni yasiyopendwa: si kila kitu kiandikwe. Mambo ya operesheni inayoendelea usiku yanaweza kusemwa kwa mdomo. Karatasi hutembea, na ikifika mikononi mwa wasiohusika inaweza kuhatarisha maafisa.

BiKanuni:

Napingana nawe kwa heshima, MezaYaFaili. Semeni kwa mdomo usiku, sawa, lakini kesho yake asubuhi kuna dokezo la faili: saa, swali, jibu, masharti. Nusu ukurasa. Bila dokezo, kamanda akisema mahakamani "wanasheria waliniruhusu" huna cha kuonyesha. Siri ya wakili na mteja inalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo hofu ya karatasi kutolewa mahakamani imetiwa chumvi. Lakini kumbukeni kifungu hicho hakilindi mawasiliano yaliyofanywa ili kuendeleza jambo haramu. Anayesema "usiandike" kwa sababu anachotaka ni haramu, hata mdomo hautamlinda. Mwandikie siku hiyo hiyo kwamba ushauri wako ni hapana, na kwa nini. Udhibiti wa karatasi ni suala la orodha ya wanaopata nakala na bahasha iliyofungwa. Haliondoi wajibu wa kuandika.

MezaYaFaili:

Dokezo la asubuhi nalikubali. Hatari niliyoitaja ni ya kabla ya operesheni.

UpandeWaPili:

Natoka upande wa walalamishi, hivyo sikilizeni jinsi kazi yenu inavyoonekana kutoka huku.

Ombi la kumfikisha mtu mahakamani akiwa hai (habeas corpus) ni haki ambayo Ibara ya 25 haikubali ipunguzwe kwa hali yoyote. Familia inakuja ofisini kwetu baada ya kuzunguka vituo vinne vitano na hospitali, pamoja na mochari ya City. Kisha Sheria House inaleta hati ya kiapo ya afisa wa makao makuu: "hatunaye". Imeapwa na mtu ambaye hakuuliza popote. Jaji hawezi kuitegemea, na ndiyo maana wakuu wenyewe huitwa wafike binafsi.

Jibu la kweli lina hatua. Wakili anaandikia kila kitengo kinachoweza kuwa na mtu huyo: kituo cha eneo alikochukuliwa, vituo vya jirani, vitengo vya DCI vikiwemo cha kupambana na ugaidi, na anataka kila kimoja kijibu kwa maandishi baada ya kukagua rejista yake. Anayeapa anaambatisha majibu hayo. Kama mtu alishikiliwa kisha akaachiliwa, onyesheni namba ya OB ya kuachiliwa, saa, na saini yake au ya aliyempokea. Kama namba ya gari imetajwa kwenye ombi, fuatilieni namba hiyo mseme mlichopata. Kukaa kimya juu ya namba ya gari kunaongea zaidi ya hati nzima. Hapa uhai wa mtu unategemea bidii ya wakili wa serikali kuliko ya wakili wetu, kwa sababu ni yeye anayeweza kupiga simu ikapokelewa.

Jambo la pili ni "usalama wa taifa". Maneno hayo yakisemwa na wakili akiwa amesimama hayana nguvu. Kifungu cha 131 cha Sheria ya Ushahidi kinataka Waziri mwenyewe aape kwamba ameisoma hati husika na kwamba kuitoa kutadhuru utumishi wa umma. Kwa maombi ya habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu, na saa 48 pale ambapo uhai au uhuru wa mtu unahusika. Ukitaka kuzuia, taja hati kwa hati na sababu ya kila moja, halafu mpe jaji aione peke yake, na sisi tupewe nakala iliyofichwa yale tu yanayostahili kufichwa. Anayefanya hivyo hupata anachoomba mara nyingi kuliko mnavyodhani. Anayefunika faili zima kwa neno moja hupoteza yote.

KiongoziWaMashtaka_K:

UpandeWaPili amenena. Naongeza: wakili wa serikali akigundua karatasi inayomsaidia mshtakiwa, anaitoa. Hilo si hisani.

MezaYaFaili:

Kuhusu pesa, maana mtu hajagusa. Serikali ikishindwa na fidia ikaamuliwa, mali yake haikamatwi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali kinataka cheti cha amri kitolewe, kipelekwe kwa mlipaji, yaani afisa mwenye dhamana ya hesabu wa taasisi. Asipolipa, mshindi anaomba amri ya kumlazimisha, na akiendelea kukaidi, ni kudharau mahakama, yeye binafsi. Kazi yako ni kumwandikia afisa huyo mapema: kiasi, riba inayoongezeka, tarehe ya kukata rufaa, na ushauri wa kulipa au kukata. Hakikisha unamwandikia anayehusika. Kwa polisi, tangu 2022 bajeti ilipohamishiwa kwa Inspekta Jenerali, barua iliyopelekwa kwa Katibu wa Wizara kwa mazoea inaweza kukaa huko huku riba ikipanda.

Na ulinzi wa muda: madai ya kawaida ya fidia dhidi ya serikali yana miezi 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai Dhidi ya Mamlaka za Umma, lakini mlalamishi akija kwa ombi la kikatiba hoja hiyo haimfungi moja kwa moja, utabaki kubishania ucheleweshaji. Ile notisi ya siku 30 ya kifungu cha 13A cha Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali achana nayo. Mahakama Kuu iliikataa mwaka 2012 kwa kuwa inazuia haki ya kufika mahakamani, ingawa bado utaiona ikipachikwa kwenye majibu ya serikali.

wakili.ngong:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: kwenye mahojiano hutazamwa nini? Vyeti ninavyo.

BiKanuni:

Vyeti vikague tena hata hivyo: uidhinishaji wa kuwa wakili, leseni ya mwaka huu, cheti cha ushuru kutoka KRA, na barua za kibali kutoka HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), DCI na taasisi ya kumbukumbu za mikopo. Kozi ya uongozi ya Kenya School of Government, pale Kabete, hutajwa kwenye matangazo mengi ya ngazi ya juu. Kama huna, anza kuulizia nafasi sasa.

Kwenye mahojiano yenyewe, tarajia tukio la kubuni na dakika chache za kulijibu: kwa mfano kamanda wa Nairobi anataka kufunga barabara za katikati ya jiji kesho saa kumi na mbili asubuhi, naye anakuuliza sasa ni saa mbili usiku. Usianze na historia ya Katiba. Uliza maswali matatu ya ukweli, taja chanzo cha mamlaka, sema ndiyo au hapana na masharti yake, na useme utaiandika lini na nakala zitaenda kwa nani. Jizoeze kwa kuandika ushauri huo wa kurasa mbili mara kadhaa ukitumia kesi zilizokwisha amuliwa. Ile ya Januari 2024 kuhusu Haiti inafaa kuanza nayo: isome, ifunge, kisha andika ushauri ambao ungeutoa Oktoba 2023.